Rafu ya Dobi la Sarafu

Mashine ya nne inavuja, usiitumie.
Hilo ndilo pendekezo la kwanza nililopewa Kushiro,
limeandikwa kwa penseli juu ya kopo la sabuni,
na aliyeliandika hakutia jina.

La pili nililikuta ndani ya manga
iliyovimba kwa mvuke, rafuni,
kati ya dirisha lenye barafu na kikaushio.
Mwandiko uleule:
“Anza na juzuu ya tatu. Mbili za mwanzo
mchoraji alikuwa bado anautafuta mkono wake.
Ukifika pale mpishi anaporudisha kisu,
weka kitabu chini, kunja soksi,
ndipo uendelee.”

Nilikunja soksi. Ndipo nikaendelea.
Ilikuwa kweli.

Wa kukuambia kipi kizuri ni wengi.
Wa kukuambia ukisome saa ngapi,
ukiwa na nini tumboni,
mmoja, ukibahatika.

Nami, mtu wa zamu ya usiku, kiwanda cha karatasi,
nikaacha riwaya nyembamba yenye jalada la kijani:
“Mtunza reli mstaafu anahesabu treni zisizokuja.
Kurasa arobaini halitokei lolote. Vumilia.
Ya arobaini na moja atavua kofia.”

Jumatano iliyofuata:
“Nimevumilia. Alipovua kofia
nikasahau foronya mbili kwenye mashine.
Umenitia hasara.
Unayo nyingine?”

Theluji ikapanda hadi kwenye kitasa cha mlango
na sisi hatujaonana.
“Hii usimpe mtu aliyeachwa juzi.”
“Mapenzi humu ni ya uongo, ila paka ni wa kweli.”
“Doa la ukurasa wa mia na kumi na mbili ni chai.
Nasema ni chai.”

Kisha tukafika juzuu ya tisa, ya mwisho,
ambayo si mwisho:
mchoraji aliugua mkono, akaweka kalamu,
na mpishi yuko mlangoni
kashika kitasa, miaka kumi na mmoja,
supu inapoa mikononi mwetu sote.

Nilimwandikia neno moja tu: “Sasa?”

Alichoniachia kilikuwa karatasi ishirini
zilizobanwa kwa stepla, zisizo na picha.
“Hii si ya mchoraji. Ni hadithi ya shabiki,
mtu tu, simjui.
Wapo wasemao cha kuazima hakisitiri matako.
Jaribu hata hivyo.”

Nikaisoma nimeegemea kikaushio,
mgongo moto, miguu baridi.
Mlango ukafunguka.
Ndani hakukuwa na baba, wala adui.
Palikuwa na jiko lililosuguliwa likang’aa,
na juu ya kopo la chumvi, kwa penseli:
*Jiko la nne linavuja, usiliwashe.*

Nikasoma mstari ule tena.
Nikageuka nikalitazama kopo la sabuni.

Bwana Murakoshi, mwenye dobi, alikuwa akifagia matope.
Nikamuuliza ni nani hufua hapa Jumanne.
Akaegemea ufagio, akafikiri.
“Bi Hatsue wa posta ya zamani,” akasema.
“Mashuka tu. Tangu mumewe alipoondoka,
anafua mashuka masafi.”

Sikuuliza zaidi.
Cha kuazima, sawa. Lakini sisi wa dobini tunajua
nguo ikifuliwa ikakaushwa
hukupa joto bila kuuliza ilishonewa nani.

Nikamwandikia: “Ukimwona huyo shabiki usiyemjua,
mwambie mpishi ameingia, amekaa, amekula.
Mwambie nimechelewa zamu.”

Kisha nikazirudisha karatasi rafuni, juu kabisa,
nikachomeka kipande cha pili
kwa yeyote atakayekuja na kapu lake:

“Soma hii kwanza.
Usisimame kukunja soksi.
Mwandishi simjui.
Hufua Jumanne.”